Nipe Mji: Mashindano ya Maneno na Hesabu Rungwa

Anayesafiri kutoka Itigi kwenda Makongolosi, na kutoka hapo hadi Mbeya, hupita kwenye miombo kwa saa nyingi, ndorobo wakimsindikiza dirishani, ndipo afike Rungwa. Kijiji hiki kiko kusini mwa Mkoa wa Singida, jirani na Pori la Akiba la Rungwa, pori ambalo sehemu yake ilimegwa mwaka 1964 ikawa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ni nchi ya Wakimbu, wawindaji na warina asali wa tangu enzi, waliokuwa wakiuza nta na pembe kwa misafara ya karne ya 19 na ambao mtawala wao mashuhuri, Nyungu ya Mawe, aliziunganisha himaya ndogondogo za msituni kuwa dola moja. Alipofariki mwaka 1884 kiti chake kilikaliwa na mwanamke, Mgalula. Siku hizi Wakimbu wana majirani wengi: Wanyamwezi, Wasukuma na ng'ombe wao, Wataturu, Wagogo, Wanyaturu.

Jua likizama huko, kazi za mikono hupungua na kazi za ulimi huanza. Wazee wa makabila mengi ya Tanzania ya kati na magharibi hawapendi hadithi na vitendawili vitolewe mchana, na mtoto anayeanza mapema huonywa kwamba litampata jambo, ataota pembe au atapotea njia. Onyo hilo lina maana yake. Mchana kuna shamba la kulinda dhidi ya nyani, kuna kuni na maji. Usiku kuna moto, kuna masikio yaliyotulia, na kuna watu wa rika zote waliokaa karibu kiasi cha kusikiana.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu ina nguzo moja."

Mtoto wa mjini anaweza kukuna kichwa hapo. Mtoto wa Rungwa hujibu kabla mtegaji hajafunga mdomo: uyoga. Mvua za kwanza zikinyesha, miombo hujaa uyoga, na kina mama na watoto huingia msituni na vikapu. Anayejua upi unaliwa na upi unaua tayari amekwisha kuitazama nguzo hiyo moja na paa lake mara nyingi. Ndiyo sababu kitendawili kimoja chaweza kuwa chepesi kijiji hiki na kizito kingine. Kinampima mtu kwa mazingira aliyokulia.

Kwa Wasukuma mlango wa mchezo huo ni mwingine: mmoja husema "Kalagu!" na wenzake huitika "Kize!" Wasukuma na Wanyamwezi wana pia shikome, moto wa jioni wa wanaume, ambapo vijana walikaa miguuni pa wazee wakajifunza nasaba, sheria za ukoo, namna ya kusema mbele za watu na namna ya kunyamaza. Mitego ya maneno ilikuwa sehemu ya somo hilo. Jikoni, kwa upande wa pili wa ua, bibi aliwafundisha wajukuu zake yaleyale kwa njia yake, na mara nyingi yeye ndiye aliyekuwa na hazina kubwa kuliko wote. Mjukuu akikwama, humgeukia: "Bibi, nisaidie." Bibi hatoi jibu. Hutoa kidokezo, tena cha kumzungusha zaidi.

Sheria inayofaa kutazamwa kwa makini ni ile ya kushindwa. Jibu likikosekana, wasikilizaji husalimu amri, na mtegaji hudai: "Nipe mji." Hapo mnada huanza. Atapewa Itigi, ataukataa, mji mdogo huo. Atapewa Manyoni, atakunja uso. Atapewa Tabora, pengine atakubali, au atang'ang'ania mpaka apewe Dar es Salaam. Akishakubali, huanza kusimulia safari yake: jinsi alivyofika Tabora, jinsi watu wa huko walivyompokea kwa ngoma, wakamchinjia ng'ombe, wakamlaza kwenye kitanda cha kamba mpya, na jinsi walivyomuuliza habari za hao wajinga wa kwao wasiojua hata kitu chepesi hivi. Ndipo hutaja jibu. Walioshindwa hucheka pamoja naye. Wamelipa deni kubwa, mji mzima na watu wake, na hakuna aliyetoa senti.

Penye watani ndani ya duara hilo mambo hunoga zaidi. Wanyamwezi na Wagogo wana utani wa muda mrefu, uliokuzwa na misafara iliyokatiza Ugogo, na mtegaji wa Kinyamwezi aliyepewa Dodoma na mtani wake hatakosa la kusema kuhusu mapokezi aliyoyapata huko. Mgogo naye anangoja zamu yake.

Mbali na miombo, ulimwengu wa televisheni ulivumbua mchezo unaofanana na huo kwa njia yake. Mwaka 1965 mtayarishaji wa Kifaransa, Armand Jammot, alileta kipindi cha kutafuta neno refu kuliko yote kutokana na herufi zilizochanganywa. Mwaka 1972 hesabu zikaongezwa, kikaitwa Des chiffres et des lettres, na kikadumu hadi 2024. Waingereza waliuchukua mchezo huo wakauita Countdown, na tarehe 2 Novemba 1982, siku ambayo kituo cha Channel 4 kilianza kurusha matangazo, kipindi hicho ndicho kilichofungua hewa. Washindani wawili hupewa herufi tisa, saa kubwa ya ukutani huhesabu sekunde 30, na mwenye neno refu hupata alama. Kisha huja hesabu: namba sita, lengo la tarakimu tatu, na ruhusa ya kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya.

Mfano uliosifiwa kupita mingine ni wa mwaka 1997. Mshindani James Martin alipewa 25, 50, 75, 100, 3 na 6, akatakiwa afikie 952. Alijumlisha 100 na 6 akapata 106, akazidisha kwa 3, ikawa 318. Akazidisha tena kwa 75, ikawa 23,850. Akatoa 50, zikabaki 23,800, akagawanya kwa 25: 952 kamili. Hakuna aliyetarajia mtu apande hadi elfu ishirini na tatu ili ashuke chini ya elfu moja. Na mshindi wa siku katika kipindi hicho hapewi kitita cha fedha. Hupewa birika la chai lenye jina la mchezo.

Rungwa wana jibu lao kwa sehemu hiyo ya hesabu pia, nalo hukaa chini ya mti. Ni bao. Ubao una mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64, kila mchezaji akiwa na kete 32. Katika bao la Kiswahili mchezaji huanza na kete sita kwenye shimo liitwalo nyumba, mbili na mbili katika mashimo mawili yanayofuata, na 22 zilizobaki hukaa mkononi. Hatua ya kwanza ni namua, ambapo kila zamu kete moja huingizwa ubaoni kutoka mkononi. Mkono ukiisha huanza mtaji, na hapo kila kilichopo kinaonekana. Mchezaji akila kete za mwenzake huzisambaza upande wake kuanzia kichwa, yaani shimo la pembeni la safu ya mbele, shimo kwa shimo. Ya mwisho ikiangukia penye kete na ikashindwa kula, huzichota zote na kuendelea; ikiangukia shimo tupu, amelala. Anayeishiwa kete safu ya mbele amefungwa.

Asiyecheza huona mikono inayokwenda mbio. Mchezaji anaona mwisho wa safari. Kabla hajagusa kete anajua ya mwisho itatua wapi, italeta nini, itazunguka mara ngapi, na mwenzake atabaki na nini akishamaliza. Mtafiti Mholanzi Alexander de Voogt aliwachunguza mabingwa wa bao wa Zanzibar kwa kina, na kitabu chake cha 1995 kilihusu hilo hilo: uwezo wa akili ya binadamu unafika wapi katika mahesabu ya namna hii. Mwalimu Nyerere naye alikuwa mpenzi wa bao, jambo linalokumbukwa na Watanzania wengi wa makamo.

Bara bao lina sura nyingine. Wasukuma wana isolo, ambayo nayo ni mashimo na kete lakini ina taratibu zake. Mahali palipokutanisha makabila kama Rungwa, wachezaji wawili wasiofahamiana wanalazimika kuafikiana kabla ya kuanza: tunacheza la Kiswahili au la kwetu? Makubaliano hayo ni madogo, lakini yanafundisha ustaarabu mkubwa. Mtu anaacha sheria alizozaliwa nazo kwa muda ili apate mpinzani.

Tofauti moja kati ya moto na mti inastahili kusemwa wazi. Jibu la kitendawili lilikuwapo kabla ya mtegaji kuzaliwa. Yai ni nyumba isiyo na mlango kwa sababu waliotangulia walisema hivyo, na anayejibu "kaburi" anaweza kuwa na hoja nzuri lakini atatoa mji vilevile, labda mzee mmoja amtetee. Hayo ni mashindano ya urithi. Bao halina urithi wa namna hiyo: baada ya zamu chache kete zimekaa mkao ambao huenda haujawahi kuonekana kijijini, na hakuna bibi wa kunong'ona. Jamii inayocheza vyote viwili inamlea mtu mwenye kumbukumbu na mwenye uthubutu kwa pamoja, na haya ndiyo malezi ambayo kipindi cha runinga kinajaribu kuyabana ndani ya muda mfupi.

Kuna jambo jingine ambalo kamera haina. Studioni washindani ni wawili, hadhira hupiga makofi ikiambiwa. Chini ya mti wanaotazama ndio nusu ya mchezo. Wanaguna, wanacheka kabla ya kosa kutendeka, wanamzomea aliyechelewa, na kijana aliyesimama nyuma ya babu yake kwa miaka mitatu bila kuruhusiwa kukaa amejifunza kwa macho. Aliyefungwa hunyanyuka, mwingine hukaa. Mwalimu wa shule, dereva wa lori la mbao na mchungaji wa ng'ombe hupeana zamu bila kuulizana vyeo.

Afrika Mashariki imewahi kuwapeleka vijana wake kwenye mashindano ya akili ya televisheni. Celtel Africa Challenge ilianza mwaka 2007, baadaye ikaitwa Zain Africa Challenge, ikakutanisha timu za vyuo vikuu vya Kenya, Uganda, Tanzania na nchi nyingine, mwendeshaji akiwa John Sibi-Okumu wa Kenya. Vijana walijibu vizuri na nchi zao zilijivunia. Lakini maswali yalikuwa ya Kiingereza, na bibi wa Rungwa, mwenye vitendawili vingi kuliko kitabu chochote cha darasa la nne, hakuwa na pa kuingilia.

Mchezo wa herufi kwa Kiswahili unawezekana, ila haufai kunakiliwa ulivyo. Herufi Q na X hazina kazi. Maneno yetu huishia kwa irabu, hivyo irabu zitahitajika nyingi kuliko za Kiingereza. Na kitenzi kitawatoa jasho waamuzi. Chukua herufi A, A, A, O, U, N, P, K, L. Mwangalifu atatoa "pona", herufi nne, kwa kuwa kamusi inamlinda. Jasiri ataongeza kiambishi aseme "kupona", sita. Mwenye sarufi kichwani atatumia zote tisa: "anapokula". Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA ya mwaka 2015 ina kitenzi "la", lakini umbo hilo halitakuwamo. Je, apewe alama? Apewe, maana katika lugha hii ufundi umo kwenye kuunganisha, na kumnyima ni kumwadhibu kwa kujua zaidi. Sheria ya kuruhusu umbo lolote sahihi la kitenzi, na mwamuzi wa sarufi badala ya kamusi peke yake, ingetosha.

Kipindi kama hicho kingerekodiwa mikoani, mezani kukiwa na watu wa rika tofauti, mzee na mjukuu wakiwa timu moja. Vitendawili vichukuliwe kwa wenyeji wa mahali husika, ili watu wa Pwani wakutane na mitego ya msituni na watu wa msituni wakutane na ya bahari. Saa ya ukutani ikiisha bila jibu, timu itoe mji, na mtegaji apewe dakika nzima ya kusimulia safari yake kabla ya kutaja jibu, kwa kuwa hiyo ndiyo dakika ambayo watazamaji wangekaa kuingojea. Duru ya hesabu iwe bao, la Kiswahili wiki moja na isolo wiki nyingine, na kamera moja ifungwe juu ya ubao ili mtazamaji aone mashimo yote 32 na apige hesabu zake mwenyewe kabla mchezaji hajashika kete.