Wastani wa Tikolo na GPA Yangu

Ruangwa ni nyumbani, na Ruangwa ukisema mpira umesema Namungo. Kwa hiyo nilipokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika sekondari moja ya huko, nikapewa kidato cha nne na mada ya takwimu, nilijua nikitoa mfano wa umri wa wanafunzi kumi watasinzia wote. Nikawaletea kriketi. Darasa likacheka. Mmoja akauliza, "Mwalimu, huo si mchezo wa Wahindi?"

Nikamwambia mpigaji ninayetaka kumhesabu ni Mkenya, Steve Tikolo, mzaliwa wa Nairobi, mwaka 1971. Kaka zake wawili, Tom na David, nao walicheza.

Kwanza kazi yenyewe. Mpigaji anasimama mbele ya vijiti vitatu akiwa na gongo bapa la mbao. Mrushaji anamtupia mpira mgumu. Akiupiga akakimbia hadi upande wa pili, kapata mkimbio mmoja. Ukitoka nje ya uwanja anapewa minne, au sita kama haukugusa chini. Mpira ukigonga vijiti vyake, au akiupiga ukadakwa hewani, anatoka. Zamu imeisha. Straika akikosa goli dakika ya 5 bado ana dakika 85 za kujitetea. Mpigaji anakwenda kukaa pembeni, anawaangalia wenzake mpaka jioni.

Maisha yake yote ya kazi hufupishwa kwa namba moja: wastani. Na wastani huu una ujanja wake, ndiyo maana niliupenda kwa somo. Chukua zamu tatu: mikimbio 40, kisha 10, kisha 25 lakini hiyo ya tatu hakutolewa. Jumla ni 75. Sisi tungegawa kwa 3 tupate 25. Kriketi inagawa kwa idadi ya mara alizotolewa, yaani 2, inapata 37.5. Zamu inayofuata akitolewa na sifuri, ni 75 kwa 3. Anashuka mpaka 25 kwa mpira mmoja.

Hapo wanachuo wenzangu mnaelewa. Mwaka wa kwanza, muhula wa pili, nilirudi nyumbani kumzika bibi, nikakosa jaribio, nikabeba D. Mpaka leo ile D inakula pamoja na mimi.

Sasa Tikolo. Katika mechi za kimataifa za siku moja alipata zaidi ya mikimbio 3,300, kwa wastani wa karibu 29. Sachin Tendulkar wa India anakaribia 45. Ukisoma namba tu, umeshamaliza: huyu B, yule A.

Lakini fuata mechi. Februari 1996, mechi yake ya kwanza kabisa ya kiwango hicho, Kombe la Dunia, dhidi ya India kwao: 65. Wiki chache baadaye pale Kandy, Sri Lanka wakafikisha mikimbio 398, na hao ndio waliochukua kombe lenyewe. Tikolo akajibu na 96. Mwaka 1997, fainali ya ICC Trophy mjini Kuala Lumpur, Kenya walipata 241, na 147 kati ya hizo ni zake peke yake. Mvua ikaingia, hesabu ikapunguzwa, Bangladesh wakashinda kwenye mpira wa mwisho.

Mwaka 2000 Bangladesh wakapewa hadhi ya kucheza kriketi ya siku tano, ile inayoleta ratiba nzito, wadhamini na pesa. Kenya hawakupewa, hata baada ya 2003, Tikolo akiwa nahodha, walipowafunga Sri Lanka Nairobi na kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia. (Ndiyo, New Zealand waligoma kwenda Nairobi kwa kuhofia usalama na Kenya wakapata pointi za bure. Wanaobeza hawaachi kulitaja hilo.) Kule Durban India wakawatoa, Tikolo alipata 56.

Baada ya hapo ungetegemea mechi zifurike. Zikakauka. Wachezaji wakagombana na chama chao juu ya malipo, timu kubwa hazikuwaita, na Tikolo alikuwa ndiyo kwanza anaingia miaka 32. Alitangaza kustaafu 2011 baada ya Kombe la Dunia lake la tano. Mechi zake za siku moja ni kama 130. Tendulkar alicheza 463, na nyingine 200 za siku tano. Kwa mpigaji, mechi ndiyo darasa. Huyu alifanya mtihani bila kuhudhuria vipindi, na vipindi havikuwepo.

Sikuwaambia wanafunzi kwamba wastani ni uongo. Mtihani wa taifa utawauliza wautafute. Niliwauliza tu: tungehitaji kujua nini kingine? Wakataja: alicheza na nani, mara ngapi, nani alikuwa analipa. Yule wa "mchezo wa Wahindi" akauliza Tikolo yuko wapi siku hizi. Nikamwambia amekuwa kocha, amewahi kuifundisha Uganda na hata timu yetu ya taifa. "Tanzania tuna timu?" Darasa zima likageuka kunitazama.

Jioni nikawakuta nyuma ya madarasa na kipande cha ubao wa dawati bovu na mpira wa makaratasi. Mpira wa kwanza, vijiti chini. Mpigaji akagoma kutoka, anasema hakuwa tayari.