Hela Iko Njiani

Tarehe 26 Shangazi hanipigii simu ya kunisalimia. Hata shikamoo yangu hakuisubiri. "Mwanangu, nimehamisha laki na nusu kutoka benki kwenda kwenye simu. Benki wamenikata, kwenye simu hamna kitu. Nyie watu wa mtandao mmefanya nini?"

Kwake kila kitu ni mtandao. ATM ikigoma ni mtandao, keshia akikuna kichwa ni mtandao, kadi ikikataliwa dukani ni mtandao. Mimi ni mhandisi wa uendeshaji wa mifumo katika benki. Programu wanaandika wengine. Kazi yangu ni kuhakikisha ziko hai usiku na mchana, pamoja na seva zinakokaa, kanzidata zinazotunza salio, na njia zinazotuunganisha na kampuni za simu na benki nyingine. Programu mpya ikija, mimi na wenzangu ndio tunaoiingiza mteja asijue. Lakini ukiniuliza muda wangu mwingi unakwenda wapi, nitakwambia unakwenda kwenye kutafuta majibu ambayo hayakurudi.

Shangazi anapobonyeza "thibitisha", mfumo wa benki unatoa 150,000 kwenye akaunti yake na kuiegesha kwenye akaunti ya mpito. Kisha unatuma ujumbe kwa kampuni ya simu: mwongezee mtu huyu kiasi hiki. Kampuni inaongeza, inajibu "tayari", benki inafunga muamala. Kwa kawaida yote hayo huisha kabla hujarudisha simu mfukoni. Ila benki haiwezi kusubiri milele, kwa hiyo inajiwekea kikomo, tuseme sekunde 30. Zikiisha bila jibu, inaacha kusubiri. Ukimya huo una maana tatu. Huenda ujumbe haukufika. Huenda ulifika ukakataliwa. Huenda ulifika, hela ikaingia, na kilichopotea ni jibu tu. Ukikaa upande wetu wa waya huwezi kuzitofautisha.

Watu hutupa dawa mbili. Ya kwanza: mrudishieni hela yake. Tukimrudishia, kumbe iliingia, Shangazi atakuwa na laki tatu, na nusu yake si yake. Ya pili: tumeni tena. Tukituma tena, kumbe ile ya kwanza ilifika, yaleyale. Ndiyo maana kila muamala una namba isiyojirudia, ile unayoiona kwenye ujumbe mfupi ukaipita. Tukirudia ujumbe kwa namba ileile, mfumo uliopangwa vizuri utajibu: hii ninayo, nilishailipa. Uliopangwa vibaya utalipa mara ya pili bila haya. Nimekutana na yote miwili. Anayetuponza zaidi, hata hivyo, ni mteja mwenyewe anayekata tamaa na kubonyeza upya, maana safari hii namba ni mpya na kwa mashine huo ni muamala mwingine kabisa. Hela ikichelewa, usibonyeze tena. Ningekuwa na uwezo ningeyaandika maneno hayo kwenye kila kibanda cha wakala.

Wengi hudhani siku mbaya kwetu ni ile njia ya mawasiliano inapokatika. Njia iliyokatika inajibu upesi: hakuna. Mfumo unamkatalia mteja kabla haujagusa salio lake. Ananuna, lakini hela yake ipo. Tunayoiogopa ni njia inayojikongoja, inayopitisha ujumbe huu na kuumeza ule. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kuvizia. Siku kama hiyo ndipo unapogundua ni kipande gani cha mfumo ulichodhani kiko nyumbani, kumbe kila mara huvuka bahari kuuliza kitu kidogo halafu kurudi.

Halafu kuna usiku. Ndani ya benki tarehe haibadiliki saa sita usiku kama kwenye kalenda yako. Inabadilika pale kazi ya kufunga siku inapomalizika: riba zimepigwa hesabu, makato yamekatwa, malipo ya kudumu yamelipwa, vitabu vimelingana. Kazi hizo hupangwa foleni, na moja ikikwama iliyo nyuma yake haianzi. Nimeshaona tawi likifungua milango saa mbili asubuhi ilhali kwenye mfumo bado ni jana, na foleni ya watu imefika barabarani.

Walioonja hilo kwa kipimo kikubwa ni Waingereza. Juni 2012, kundi la benki za RBS, lenye NatWest na Ulster Bank ndani yake, lilisasisha programu inayopanga foleni ya kazi za usiku. Mambo hayakukaa sawa, wakaamua kurudi kwenye toleo la zamani, ila hawakujaribu kwanza kama kurudi huko ni salama. Foleni ikavurugika. Zaidi ya wateja milioni 6.5 waliguswa, na baadhi ya wa Ulster Bank walisubiri wiki kadhaa. Mwaka 2014 wasimamizi waliipiga benki faini ya pauni milioni 56. Ninapowasimulia vijana wanaoanza kazi, huwaambia wasiishie kwenye faini, waangalie ile hatua ya kurudi nyuma. Sisi husema "ikishindikana tutarudi tulikotoka" kana kwamba njia inabaki vilevile nyuma yetu. Kumbe kurudi nako ni mabadiliko, na kunataka majaribio yake.

Kuna tatizo jingine ambalo sidhani wahandisi wa London wanalo, nalo ni saa zetu. Kumbukumbu za mashine zetu huandikwa kwa saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Saa ya ukutani ni ya Afrika Mashariki. Vinywani mwetu tuna saa ya Kiswahili. Kwa hiyo muamala wa Shangazi kwenye mashine ni wa 17:04, ukutani ni 20:04, na kwake ni saa mbili na dakika nne usiku. Miaka ya nyuma nilimwandikia mwenzangu kwamba kazi fulani ya kuhamisha data ianze saa 2 usiku. Akaipanga kwenye mashine ianze 02:00 ya ukutani. Saa mbili tulikaa tunatazamana, hakuna kitu, tukadhani imeahirishwa tukaenda kulala. Saa nane usiku ikaamka, ikaikuta kazi ya kufunga siku iko katikati, ikalishikilia jedwali la akaunti hadi alfajiri. Tangu siku hiyo, kwenye maandishi ya kazi mimi natumia saa 24 tu, hata kama ni mwaliko wa chai.

Mwaka 2009 Mbelgiji Patrick Debois aliitisha mkutano mjini Ghent kuhusu ugomvi wa siku nyingi kati ya wanaoandika programu na wanaoziendesha. Mwandishi anataka kipya kiingie leo. Mwendeshaji anataka jana ijirudie kesho. Mkutano ule ndio uliolipa jina wazo la DevOps: kundi moja, mabadiliko madogo ya mara kwa mara, majaribio yanayoendeshwa na mashine. Nalipenda. Ila benki ina sharti ambalo kampuni ya michezo ya simu haina: aliyeandika asiwe ndiye anayeingiza peke yake, na anayeomba mabadiliko asiwe ndiye anayeyaidhinisha. Vijana hulalamika kwamba kusahihisha mstari mmoja kunahitaji sahihi za watu watatu. Nami hulalamika, hasa Ijumaa jioni. Lakini mahali penye hela za watu, mtu mmoja asiwe na funguo zote, hata awe mwaminifu namna gani.

Mwisho wa mwezi mlango wa mabadiliko hufungwa. Mkataba unaweza kusema huduma ipatikane kwa asilimia 99.9, na kwenye karatasi inapendeza. Piga hesabu na utaona inakuruhusu kuwa chini karibu saa tisa kwa mwaka. Saa tisa zilizotapakaa Jumapili alfajiri hakuna atakayezisikia. Zikiangukia tarehe za mishahara, utazisikia kwenye taarifa ya habari. Ndiyo maana wiki hiyo kompyuta yangu hukaa kwenye buti la gari hata nikiwa kwenye sendofu ya binamu.

Shangazi haamini mpaka leo kwamba siruhusiwi kufungua akaunti yake. "Si uko humohumo?" Nilimwambia apige huduma kwa wateja apewe namba ya malalamiko, asibonyeze tena, halafu nikangoja alfajiri kama wengine. Alfajiri ndipo kampuni ya simu inapotuletea orodha yake ya jana, na programu yetu inailaza sambamba na ya kwetu, mstari kwa mstari. Kila kilichotoka huku lazima kionekane kimeingia kule. Kanuni hiyo imeitangulia kompyuta kwa mamia ya miaka. Mtawa wa Italia, Luca Pacioli, aliieleza katika kitabu kilichochapishwa Venice mwaka 1494, na sisi na mitambo yetu yote bado tunamtegemea.

Mistari iliyokosa mwenza ikabaki peke yake kwenye kioo. Haina majina, ina namba, kiasi na saa. Ya 150,000 saa 17:04 ilikuwa moja tu. Upande wa kampuni ya simu haikuwepo: ujumbe haukufika. Ile "sijui" ya usiku kucha ikageuka "hapana", na hapana ina dawa. Dada mmoja wa kitengo cha hesabu akaandika marejesho, mwenzake akayaidhinisha, akaunti ya mpito ikabaki sifuri kwa mstari ule.

Saa tatu na nusu asubuhi simu ikaita. "Mwanangu, imerudi, Mungu awabariki. Ila imerudi laki na nusu kavu. Makato yangu yako wapi?"

Makato husafiri kama muamala wake wenyewe, kwa namba yake yenyewe. Nikaifungua orodha upya.