Bakteria wanavyosaidia kufichua virusi katika damu

Wakitajwa bakteria, aghalabu fikira zako hukimbilia kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini baadhi yao wana kazi nyingine: wanasaidia kutambua iwapo mtu ana virusi vya Ukimwi. Jambo hili lakuhusu, kwani ukielewa jinsi kipimo kinavyofanya kazi, utajua pia ni lini jibu lake laweza kukupotosha.

Virusi vinapoingia mwilini, mwili huunda askari waitwao kingamwili. Vipimo vingi vya damu havitafuti virusi vyenyewe bali huwatafuta askari hao. Ili kuwanasa, huhitajika chambo, nacho ni kipande cha virusi ambacho kingamwili hukitambua na kukishika.

Kipimo cha kwanza kiliidhinishwa Marekani mwaka wa 1985. Chambo chake kilipatikana kwa kukuza virusi hai ndani ya chembe za damu ya binadamu, kisha kuvivunjavunja. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari kwa wahudumu wa maabara. Isitoshe, mabaki ya chembe hizo yalisalia katika chambo, na watu wengine, wakiwemo akina mama waliozaa mara nyingi, walikuwa na kingamwili zinazoshika mabaki hayo. Hivyo mtu angeweza kuambiwa ameambukizwa ilhali hana virusi hata kidogo.

Kiwanda kidogo

Wanasayansi walitatua shida hiyo kwa kuchukua jeni yenye maagizo ya kuunda kipande kimoja tu cha virusi na kuipachika ndani ya bakteria aitwaye E. coli, ambaye jamaa zake wengi huishi matumboni mwetu bila madhara. Bakteria huyo huyafuata maagizo hayo kana kwamba ni yake. Akipata chakula na joto la kutosha hugawanyika kila dakika 20 hivi, na kwa saa 10 mmoja aweza kuwa zaidi ya bilioni moja. Protini anayounda husafishwa, kisha huwekwa katika kipimo. Haiwezi kumwambukiza yeyote kwa kuwa ni kipande tu. Mbinu iyo hiyo ndiyo iliyowapa wagonjwa wa kisukari insulini ya binadamu tangu 1982.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Unapotolewa tone la damu kidoleni na kungoja dakika chache, mstari mdogo unaojitokeza ni kingamwili zilizonaswa na chambo cha namna hiyo.

Mtego wa kipimo

Hata hivyo, chambo hakiwezi kunasa askari ambao bado hawajaundwa. Baada ya mtu kuambukizwa, vipimo vya kidoleni huweza kuchukua kati ya siku 23 na 90 kabla ya kuonyesha. Katika muda huo jibu laweza kusema huna virusi, nawe huku unaambukiza wengine.

Kwa watoto wachanga shida ni kinyume. Mama mwenye virusi humpitishia mtoto kingamwili zake, ambazo zaweza kubaki hadi miezi 18 hata kama mtoto hajaambukizwa. Hapo hutafutwa virusi vyenyewe, kwa kuzidisha jeni zake maabarani. Kazi hii nayo hutegemea kimeng'enya kinachostahimili joto kali, kilichotoka kwa bakteria wa chemchemi za maji moto za Yellowstone, Marekani. Siku hizi E. coli hutumiwa kukiunda kwa wingi.

Ufanye nini?

Ikiwa umejiweka hatarini, usingoje. Fika hospitalini kabla ya saa 72 kwisha, kwani kuna dawa za kuzuia maambukizi, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Ukipimwa mapema na kuambiwa huna virusi, rudi upimwe tena baada ya miezi mitatu, na hadi hapo mkinge mwenzako.

Nawe mama mwenye virusi, mpeleke mtoto apimwe akiwa na wiki sita, hata kama anaonekana mwenye afya. Bila matibabu, karibu nusu ya watoto walioambukizwa hufariki kabla ya kutimiza miaka miwili. Wanaoanza dawa mapema huwa na nafasi kubwa ya kukua na kwenda shule kama wenzao.