Fahamu: Lebo zinazomwongoza mnunuzi wa Kanada

Wakanada wengi walianza kuziepuka bidhaa za Marekani mwaka 2025, baada ya Rais Donald Trump kutangaza ushuru wa asilimia 25 kwa bidhaa nyingi za nchi yao. Mwezi Machi, Ontario iliondoa pombe za Marekani kwenye maduka yake ya serikali.

Dukani, lebo zinahitaji jicho makini. Kwa bidhaa zisizo chakula, “Zao la Kanada” hudai angalau asilimia 98 ya gharama za moja kwa moja za uzalishaji ziwe za nchini. “Imetengenezwa Kanada” hudai asilimia 51 tu, pamoja na maelezo kuhusu malighafi za nje. Pengo hilo ni kubwa mno kupuuzwa. Jani jekundu la bendera ya Kanada, likiwa peke yake, halitoshi kuwa ushahidi.