Taarifa ya Maziwa Ijitumayo Kila Mwezi

Mkulima apelekaye maziwa kwenye chama cha ushirika hutaka jambo moja kila mwezi ukiisha: aonyeshwe kilo zake, makato yake, na fedha zinazobaki. Taarifa hiyo ikichelewa, malipo nayo huchelewa, na karo ya shule haingoji.

Siku hizi baadhi ya vyama hupima maziwa kwa mizani ipelekayo hesabu moja kwa moja katika kompyuta. Hesabu hizo huonekana katika dashibodi, yaani ukurasa wenye jumla, chati na orodha, ubadilikao kila maziwa mapya yapimwapo. Dashibodi yamfaa meneja aliye mbele ya kompyuta. Lakini halmashauri, benki na mkulima mwenyewe huhitaji karatasi isiyobadilika. Kwa sababu hiyo hutumiwa faili ya PDF, iliyoanza mwaka 1993: jinsi ilivyopangwa ofisini, ndivyo itakavyoonekana katika simu ya mkulima au ikichapwa.

Karani afanyaye kazi hii kwa mkono hufungua dashibodi, huchagua mwezi, huchagua mkulima, huhifadhi faili, huituma, kisha huanza tena. Tuseme chama kina wakulima 600, na kila mmoja huchukua dakika 3. Hizo ni dakika 1,800, au saa 30, karibu siku 4 za kazi.

JINSI KOMPYUTA IFANYAVYO

Kazi hiyo yaweza kuachiwa kompyuta. Mambo matatu yahitajiwa. Kwanza ni saa ya kuiamsha. Katika kompyuta za Linux kuna programu iitwayo cron. Ukiiandikia 0 6 5 * * itaamka kila tarehe 5 ya mwezi, saa kumi na mbili asubuhi. Pili ni kivinjari kama Chromium, kiwezacho kufungua ukurasa bila kuuonyesha kwenye skrini, na kuuhifadhi kuwa PDF. Tatu ni barua pepe ya kuipeleka faili. Dashibodi nyingine, kama Power BI na Apache Superset, zina ratiba yao wenyewe ya kutuma taarifa.

MAMBO YA KUANGALIA

Lakini mtambo hauulizi. Ukiamriwa kutuma hutuma, hata kama hesabu ni pungufu. Kwa hiyo yafaa kuangalia haya:

1. Funga hesabu kwanza. Kituo cha kukusanyia maziwa kikikosa mtandao siku ya mwisho wa mwezi, kilo zake hazijafika. Ratiba isiwe tarehe 1. Ngoja siku chache, na mtambo ukague kwanza kama kila kituo kimeleta hesabu ya kila siku.

2. Linganisha saa. Kompyuta nyingi za kukodi hufuata saa za UTC, zilizo nyuma ya saa za Kenya kwa saa 3. Usiku wa manane wa kuamkia tarehe 1 Novemba hapa kwetu, kompyuta hiyo bado yahesabu tarehe 31 Oktoba. Ikiombwa taarifa ya mwezi uliopita, itatoa ya Septemba. Katika mpangilio wa saa andika Africa/Nairobi.

3. Tazama orodha isikatwe. Dashibodi yaweza kuonyesha mistari 50 tu mpaka mtu aisogeze. Mkulima wa 51 hatakuwamo katika PDF. Tengeneza ukurasa wa pekee wa kuchapa, kipimo cha A4, wenye orodha nzima. Amuru pia kivinjari kingoje mpaka hesabu zote zimefika, la sivyo chati zitatoka tupu.

4. Kagua jumla. Jumla ya kilo na idadi ya wakulima katika taarifa zilinganishwe na hesabu zilizopokewa vituoni. Zikitofautiana hata kwa kilo 1, mtambo usitume, bali umwarifu karani.

5. Tunza siri. Kila mkulima apate hesabu yake peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yalinda habari za mtu, na mapato yake ni miongoni mwa habari hizo.

Kila taarifa iandikwe mwezi wake, na tarehe na saa ilipotolewa. Kosa likionekana baadaye, msifute ile ya kwanza. Toeni nyingine yenye neno MAREKEBISHO, na zote mbili zihifadhiwe, ili mkaguzi wa hesabu aone kilichobadilika.

Mtambo huu haumwondolei karani kazi yake. Siku zile 4 za kubonyeza sasa zatosha kumsikiliza mkulima asemaye kilo zake hazikutimia, na kwenda kituoni kuitazama mizani yenyewe. Basi, enyi wanachama, katika mkutano wenu ujao ulizeni mambo mawili: taarifa yetu hutoka tarehe gani, na ni nani aikaguaye kabla haijatumwa?