Toba na haki: Zakayo alikuwa na deni gani?

Injili ya Luka inasimulia habari za Zakayo, mkuu wa watoza ushuru mjini Yeriko, aliyepanda mkuyu ili amwone Yesu akipita. Yesu alimwita ashuke, akaingia nyumbani mwake. Watu walinung'unika, kwani mtu huyo alikuwa ametajirika kwa jasho lao. Hapo Zakayo akaahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kila aliyemdhulumu kumrudishia mara nne.

Kiwango hicho kinastahili kuangaliwa. Torati ilimtaka mtu aliyekiri kosa lake arudishe alichochukua na kuongeza sehemu moja ya tano. Malipo ya mara nne yaliwekwa kwa mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja au kumwuza. Zakayo, kwa hiyo, alijihukumu kama mwizi kabla hajafikishwa mbele ya hakimu yeyote.

Neno toba lilitoka katika Kiarabu, na asili yake ni kurudi. Manabii wa Israeli nao walitumia kitenzi cha Kiebrania chenye maana hiyohiyo, ilhali Agano Jipya, lililoandikwa kwa Kiyunani, lazungumzia kugeuza nia. Machozi peke yake hayatoshi: aliyepotea njia anaweza kulia sana na bado asigeuke.

Haki ni suala gumu zaidi. Katika Waraka kwa Warumi, Mtume Paulo anafundisha kwamba Ibrahimu alihesabiwa haki kwa kuwa alimwamini Mungu, hata kabla ya kutahiriwa. Lugha hiyo ni ya mahakamani. Je, Mungu humtangaza mkosaji kuwa mwenye haki, au humgeuza kwa ndani awe mwenye haki kweli? Martin Luther na wafuasi wake walisisitiza tamko hilo lipokelewalo kwa imani. Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, ulisisitiza kugeuzwa kwa ndani. Mabishano hayo yaligawa Ulaya kwa karne nyingi.

Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani yalitia saini tamko la pamoja. Walikubaliana kwamba mwanadamu hukubaliwa na Mungu kwa neema, si kwa stahili yake, na kwamba matendo mema hufuata kama matunda. Wamethodisti walijiunga nao mwaka 2006. Kisa cha Zakayo kina mpangilio huohuo: aliitwa kwanza, akalipa baadaye.

Lakini aliyeibiwa je? Msamaha wa Mungu haumrudishii mjane fedha zake. Swali hilo lilichukuliwa kwa uzito mkubwa katika Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioenea katika miaka ya 1930 kutoka Gahini, Rwanda, hadi Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Waliookoka waliungama hadharani, wakarudisha vitu walivyoiba na kupatana na waliowakosea. Baadhi ya viongozi wa makanisa hawakupendezwa na maungamo hayo ya hadharani, na si bila sababu, kwa maana anayetaja dhambi yake mbele ya mkutano mara nyingi humtaja pia mtu mwingine. Kuhusu kurudisha mali, hata hivyo, ilikuwa vigumu kwa yeyote kulalamika.