Daraja lililopishana kwa sentimita 54

Mwaka 2003 wahandisi waliokuwa wakijenga daraja juu ya mto Rhein, kati ya mji wa Laufenburg wa Ujerumani na mji wa jina hilo hilo upande wa Uswisi, waligundua kwamba kazi za kingo mbili zilikuwa hazikutani. Zilipishana kimo kwa sentimita 54.

Kosa halikuwa la mafundi. Ujerumani hupima kimo cha ardhi yake kwa usawa wa bahari uliowekwa Amsterdam, ilhali Uswisi huufuata ule wa Marseille, kwenye bahari ya Mediterania. Vipimo hivyo viwili hutofautiana kwa sentimita 27, na jambo hilo lilijulikana tangu mwanzo. Ila katika kusahihisha, pahala pa kutoa pakajumlishwa, na pengo badala ya kutoweka likawa maradufu. Marekebisho yalifanywa, na daraja likakamilika mwaka 2004.

Kisa hicho chafaa kueleza teknolojia ambayo sasa imetawala ofisi za wahandisi, nayo ni kuunda jengo zima ndani ya kompyuta kabla ya kulijenga, mfumo unaofahamika kwa herufi BIM.

Hapo awali, hata baada ya kompyuta kuchukua nafasi ya kalamu na rula, mchoro ulibaki kuwa mistari mitupu. Mhandisi akiisogeza nguzo, ilimlazimu kuibadilisha katika kila karatasi na katika orodha ya nondo pia. Akisahau karatasi moja, fundi hujenga kwa ile aliyonayo mkononi. Katika mfumo wa BIM nguzo ni nguzo: imebeba urefu wake, aina ya zege, nondo, gharama, hata siku ya kumwagwa zege. Michoro yote hutolewa kwenye modeli moja. Bomba la maji likipitishwa katikati ya boriti, kompyuta huonyesha mgongano huo mapema, kabla ya mtu kushika nyundo na tindo.

Hatua ya pili ni kuvifunga vipimo kwa kanuni. Mhandisi hutaja upana wa mto, mwinuko wa barabara na nafasi inayotakiwa juu ya maji. Kimo cha nguzo hukokotolewa na programu. Akiinua barabara nusu mita, nguzo, matuta na kiasi cha zege hufuata vyenyewe. Wazo hilo si geni: Ivan Sutherland alilionyesha mwaka 1963 katika chuo cha MIT nchini Marekani, kwa programu iliyochora mistari inayotii masharti.

Je, teknolojia hii ingeliokoa daraja la Laufenburg? Kwa nusu tu. Lau pande zote mbili zingefanya kazi katika modeli moja, yenye kutaja bayana usawa wa bahari unaotumika, pengo lingeonekana kwenye kioo cha kompyuta. Lakini programu haibishani na mtumiaji. Ikipewa alama ya kujumlisha penye kutoa, huinua daraja zima kwa dakika moja na kutoa michoro safi, inayopendeza macho, yenye kosa lile lile. Hapo hakuna badala ya mpimaji kwenda ukingoni na kifaa chake.

Serikali za Ulaya zimeukubali mfumo huu. Uingereza iliulazimisha kwa miradi ya serikali kuu kuanzia Aprili 2016. Ujerumani, ambayo uwanja wake mpya wa ndege wa Berlin ulipangwa kufunguliwa 2011 na ukafunguliwa Oktoba 2020, ilitangaza mpango wake Desemba 2015.

Kwa Afrika Mashariki, ambako madaraja kama la Rusumo, lililozinduliwa mwaka 2016, huunganisha nchi mbili, swali zito ni la umiliki. Programu nyingi kubwa siku hizi hukodishwa kwa mwaka, na malipo yakikoma, faili halifunguki. Upo muundo wa wazi wa kuhifadhi modeli, IFC, uliopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2013. Wizara isiyoudai muundo huo katika mkataba huweza kujikuta, miaka 20 baadaye daraja likihitaji matengenezo, ikimlipa mgeni ili kusoma vipimo vya daraja lake yenyewe.